Jina Mwishoni mwa Wimbo

Rispah Vugutsa alipata habari za kifo chake Ijumaa moja baada ya chakula cha mchana, amesimama kwenye chumba cha kupigia pasi katika nyumba ya kafili wake, mwajiri aliyemdhamini, huko Riyadh. Zilimfikia kwa simu, kwa ujumbe wa sauti wa mwanamke wa Dammam asiyemjua. Mwanamke huyo alikuwa akilia. Dada zangu, alisema, huu wimbo aliuimba msichana wetu mmoja wiki ile aliyofariki, jina lake Maryann, basi tuuimbe kumkumbuka. Kisha wimbo ukaanza, na sauti ya huyo marehemu ilikuwa ya Rispah mwenyewe.

Aliusikiliza mpaka mwisho. Pasi ilikuwa juu ya shati la bosi muda wote huo, na kola ikaungua.

Mtu mwingine angecheka. Rispah hakucheka, kwa sababu hii haikuwa mara ya kwanza kuporwa sauti yake. Mwaka wa elfu mbili na tatu, Nairobi, aliingia studio moja ya River Road kumsaidia mke wa mchungaji aliyeitwa Priscah. Priscah alikuwa na sura, alikuwa na magauni, alikuwa na mchungaji. Koo hakuwa nalo. Rispah alikuwa na koo peke yake: alilipata kwa babake Elijah, aliyepiga ngoma kanisani Chavakali, akalinoa kwa redio, kwa zile nyimbo za soul za Wamarekani weusi ambazo mwimbaji huivuta noti moja mpaka unashika kifua. Aliimba nyimbo nane siku mbili. Kaseti ilipotoka, picha ilikuwa ya Priscah, jina lilikuwa la Priscah, na jina la Rispah halikuwepo hata miongoni mwa waitikiaji.

Kwao wimbo haujaisha mpaka mwimbaji ataje. Akimaliza ubeti wa mwisho, vyombo vikiwa bado vinalia, hujitaja jina, humtaja babake na kijiji chake, halafu huwataja mmoja mmoja wale waliomshika mkono, nao kama wapo huitika. Rispah alitaja siku ile River Road, vizuri kabisa. Fundi wa mitambo akakata. Kwa miaka mitano hakukuwa na matanga magharibi ya Kenya yaliyokosa kaseti ile. Rispah mwenyewe alimzika shangazi yake huku sauti yake ikitoka kwenye spika, na jirani akamnong'oneza kwamba huyu Priscah kweli Mungu amempa. Baadaye alijaribu kutoa kaseti zake mwenyewe. Nyingi zilibaki kwenye katoni chini ya kitanda, na panya wakazifanyia walichotaka. Mwaka wa elfu mbili kumi na tatu, akiwa na miaka thelathini na tisa, alijaza fomu za wakala akaenda Saudia kufua nguo.

Nyumba aliyoangukia haikuwa mbaya. Madam, jina lake Muna, alikuwa na kelele lakini hakuwa na mkono wa kupiga. Bosi, Soud, alifanya kazi katika ofisi ya serikali na hakuwa na maneno kabisa. Angeweza kupita jikoni, akanywa maji, akamtazama Rispah akiimba kwenye sinki, akaondoka bila kusema hata yalla. Rispah alimwita mzee wa kununa, kwa Kiswahili, akiwa amesimama hatua mbili kutoka kwake. Soud akaenda zake.

Aliyemrudisha kwenye kuimba kwa dhati ni Roseline, Mkenya mwenzake aliyesafisha maofisi ya mtaa wa Olaya. Walikutana sokoni Batha siku dereva alipompeleka Rispah kununua vitenge, na kabla ya dereva kumaliza sigara Roseline alikuwa ameshaiingiza namba ya Rispah kwenye kundi la WhatsApp lililoitwa Jikoni. Ukilifungua ungeona picha za sufuria. Ukweli ni kwamba lilikuwa kanisa. Kule kukusanyika kwa ibada ya Kikristo kulikuwa kosa la kukufukuzisha nchi, na kabla ya kufukuzwa kuna pale unapowekwa. Kwa hiyo wanawake wale, mamia kutoka Riyadh mpaka Jeddah, kila mmoja kwenye jiko la watu, waliabudu kwa sauti za kurekodiwa. Kila ujumbe ulianza na mapishi, kata kitunguu, kaanga mpaka kiwe rangi ya dhahabu, ili mtu akiunyakua asikie upishi tu. Halafu ndipo ulipokuja wimbo au sala. Ukishasikia, unafuta.

Sheria moja ilikuwa juu ya zote, na Roseline aliirudia kila mgeni alipoingia.

"Hapa hatutaji mtu," alimwambia Rispah. "Si wewe, si mimi, si mtaa, si kafili. Ukitaja jina umetuuza sote."

Rispah alikubali. Alirekodi wimbo wake wakati nyumba imelala baada ya chakula, mashine ya kufulia ikizunguka ili kumficha, na alipofika mwishoni, pale pa kutaja, aliuma mdomo akazima simu. Wimbo ulikimbia kupita alivyotarajia. Ulikwenda Dammam, ukaenda Taif, ukavuka bahari ukapigwa makanisani Nairobi, na kwa kuwa haukuwa na mwenyewe, watu wakautafutia. Wakampata Maryann, msichana wa kazi aliyeanguka kutoka ghorofani Dammam wiki ileile, Mungu amrehemu, ambaye labda hata kuimba hakujua.

Rispah alimpigia Roseline kumwambia kuwa wanamlilia yeye. Roseline akasema waache walie, maiti hawanyimwi ikama, kile kibali cha kuishi, na sauti ya marehemu hakuna anayeitafuta. Ni usalama huo, akasema. Shukuru.

Rispah hakushukuru. Alikwenda kununua shati jipya la bosi kwa pesa zake, na moyoni kukabaki kitu kinachochoma.

Mwaka uliofuata mamake Soud alivunjika nyonga, na Rispah akapelekwa Jeddah kumuuguza. Aliingia na mkoba wake chumbani kwa mgonjwa, akamkuta ajuza mweupe wa nywele, kitanda kimeelekea dirishani. Rispah alikuwa anatafuta salamu zake za Kiarabu pale yule ajuza alipomtangulia.

"Ndo wewe Rispah," alisema. "Karibu mwanangu. Pole na safari."

Kilikuwa Kiswahili cha Unguja, laini, cha mtu aliyezaliwa nacho. Bi Samia alikuwa ameondoka Zanzibar mwaka wa sitini na nne, msichana wa miaka kumi na minane, na hakurudi tena. Rispah alifurahi kwa muda wa pumzi moja tu. Kisha akakumbuka sinki la Riyadh, akauliza kama bosi naye anajua lugha hiyo.

"Soud? Nimemlea kwa Kiswahili mpaka anaingia skuli," alisema Bi Samia. "Ukimtukana anasikia, ukimuimbia anasikia."

Usiulize Rispah alijisikiaje. Miaka mitatu alikuwa amemwimba Yesu kwenye sinki la mtu huyo, amemwita mzee wa kununa mbele ya uso wake, amesoma sala za Jikoni kwa sauti huku akimkunjia soksi. Siku kadhaa alitembea ndani ya nyumba ya Jeddah akisubiri mlango ugongwe. Haukugongwa. Bi Samia ndiye aliyemtoa wasiwasi mwishowe, au tuseme alimpa wasiwasi mwingine wenye umbo. Alimwita akae kitandani, akamshika kidole.

"Mwanangu ana kazi yake na ana watu juu yake," alisema. "Sauti haina mwenyewe, basi hajaisikia. Ikiwa na jina, itambidi aisikie. Umenifahamu?"

Rispah alisema amefahamu. Na alifahamu kweli, hilo ndilo linalonikasirisha mimi kila nikiikumbuka habari hii. Hakuna aliyemficha kitu.

Bi Samia alimwachia Ijumaa alasiri saa mbili za kwenda kununua dawa, na wala hakuuliza kwa nini duka la dawa lililo mtaa wa pili lilihitaji saa mbili. Rispah alipanda teksi ya kushiriki mpaka mtaa wa Bani Malik, akapanda ngazi za jengo lililoanikwa nguo kila roshani, akagonga kwa Miriam, mwenzake wa Jikoni. Miriam alisuka nywele nyumba kwa nyumba, na chumba chake ndicho kilichokuwa kanisa la wanawake wa Jeddah: blanketi kwenye dirisha, bomba la maji limefunguliwa bafuni, wanawake saba sakafuni. Rispah aliimba mbele ya macho ya watu kwa mara ya kwanza tangu atoke Kenya. Alipomaliza, walikuwa wanajifuta machozi kwa ncha za mitandio, na mmoja wao, msichana wa Bungoma, akamsifu kwa moyo mweupe kabisa.

"Unaimba kama yule marehemu wa Dammam," alisema. "Karibu umfikie."

Rispah alisema asante. Alirudi kwa Bi Samia bila dawa.

Pengine hata hilo angelimeza, kwa jinsi alivyozoea kumeza. Lakini mwezi wa nane Roseline alimtumia video kutoka Nairobi, bila neno lolote chini yake, na hapo mambo yakaharibika. Ukumbi ulikuwa umejaa. Jukwaani alisimama Priscah, amenenepa, gauni jeupe, mshumaa mkononi, na nyuma yake fremu kubwa ya picha isiyo na picha ndani. Alikuwa anazindua ule wimbo. Ameurekodi upya, alisema, kwa heshima ya dada yetu aliyelala ugenini, ambaye jina lake halikufika kwetu, Mungu peke yake analijua. Watu walisimama wakapiga makofi. Priscah akaufungua mdomo, na sauti iliyotoka kwenye spika nyuma yake ilikuwa ileile iliyorekodiwa Riyadh, mashine ya kufulia ikisikika kwa mbali.

Rispah aliitazama mara nne. Bi Samia alimwita amgeuze, akamgeuza, akamwita tena ampe maji, akampa. Alilia kwa hasira, si kwa huzuni. Mara ya kwanza walimfuta akiwa hai, na sasa walikuwa wamemuua ili wamfute vizuri zaidi.

Ijumaa iliyofuata alimwambia Miriam kuwa ana wimbo mpya na anataka urekodiwe na waitikiaji. Halikuwa jambo geni, walikuwa wameshatuma nyimbo mbili hivyo, bila majina. Miriam aliiweka simu juu ya ndoo iliyopinduliwa. Rispah alianza chini kabisa, karibu na kunong'ona, na wale wanawake wakamdaka. Sijui niuelezeje wimbo ule. Alikuwa na miaka arobaini na mbili na kila alichonyimwa kilikuwa kooni. Hata bomba la maji lilisahauliwa. Mtu alilifunga ili asikie vizuri.

Ubeti wa mwisho ulipokwisha, waitikiaji wakiwa bado wanaushikilia mwito, Rispah hakunyamaza. Alitaja.

"Mimi ni Rispah Vugutsa, binti Elijah, wa Chavakali," aliimba. "Sikufa. Niko Jeddah, nyumba ya Bi Samia, aliyenipokea kwa Kiswahili. Nani aliyenishika mkono? Roseline wa Olaya, aliyenifungulia Jikoni. Nani aliyenishika mkono? Miriam wa Bani Malik."

Miriam, mlinzi wa sheria, mwanamke aliyemfukuza mtu kwa kutaja jina la mtaa, alifumba macho akaitika.

"Niko."

Walikuwa wamekaa miaka wakiitwa kadama, yaani mtumishi, wakiitwa wewe, wakiitwa kwa kupigiwa kengele. Jina la kila mmoja lilipofika, lake na la baba yake na la kwao, aliitika kwa furaha kama mtu aliyeamshwa. Niko. Niko. Msichana wa Bungoma aliitika mara mbili. Rispah alimtaja kila aliyekuwa chumbani, kama inavyotakiwa, kwa sababu kwao kumruka mtu mmoja ni tusi.

Kulipotulia, wakatazamana. Miriam ndiye aliyezinduka wa kwanza, akaizima simu, akafungua bomba tena.

"Hiyo ya mwisho ukate," alisema. "Rispah, unanisikia? Kata kabla hujatuma."

Rispah alisema atakata. Jumamosi mchana, Bi Samia akiwa amelala, alikaa jikoni na simu mbele yake, akaisikiliza mpaka pale panapofaa kukatwa. Kidole kilikuwa juu ya kioo. Kukata ni rahisi, ni kuvuta mstari mdogo kushoto. Alimwona yule fundi wa River Road, vidole vyake, shati lake la mistari, jinsi alivyokata huku akitafuna karanga. Rispah alituma wimbo wote. Hakuweka hata kitunguu mwanzoni.

Siku tatu zilikuwa za raha. Kumbe u hai, watu waliandika. Yule mwanamke wa Dammam aliomba msamaha. Kutoka Nairobi mtu aliandika kuwa Priscah anaulizwa maswali kanisani na amezima simu. Mtangazaji mmoja alitaka mahojiano. Rispah alikwenda na simu chooni, alikwenda nayo sokoni, alicheka peke yake mbele ya friji.

Siku ya nne mtu mmoja alitoka Jikoni. Kwenye simu huonekana kimstari kidogo cha kijivu, fulani ameondoka. Jioni waliondoka kumi na moja. Siku ya tano aliamka akakuta vimstari vimejaa kioo kizima, na Roseline akiwa ameandika maneno mawili tu, umefanya nini, kisha Roseline naye akaondoka. Rispah alipiga, simu yake ilikuwa imezimwa. Akampigia Miriam. Iliita, ikaita, ikapokelewa, na upande wa pili mwanamume akasema haloo kwa Kiarabu, kwa upole.

Rispah aliikata simu na kukaa chini sakafuni. Bi Samia alimwita mara tatu.

"Umetaja," alisema ajuza alipomwona uso. Hakuuliza.

Soud alifika na ndege ya keshoyake asubuhi, na nyuma yake wanaume wawili wenye faili, wenye adabu, waliovua viatu mlangoni. Waliketi sebuleni. Rispah aliletwa akasimama kwenye ukingo wa zulia. Wale wawili hawakujua Kiswahili. Mtu mwingine, mahali pengine, alikuwa ameshawatafsiria wimbo wote, na sasa walihitaji wa kumtafsiria mwimbaji. Kwa hiyo Soud, ambaye alikuwa hajasikia kitu miaka mitatu, ilibidi afungue mdomo.

"Rispah," alisema, na Kiswahili chake kilikuwa cha mamake, na kizuri. "Wana orodha. Watakuuliza majina."

Karatasi ilikuwa mezani, na Rispah aliweza kuona mistari yake. Mingi ilikuwa na alama ya wino pembeni. Hakuhitaji kuambiwa alama zile ni nini, ni wale walioitika. Mistari miwili haikuwa na alama.

Mmoja wa wale wanaume akauliza, na Soud akatafsiri. Huyu Roseline wa Olaya ni nani, na yuko ofisi gani.

Rispah alimtazama Soud, si yule aliyeuliza.

"Alikufa," alisema. "Dammam. Alianguka ghorofani mwaka jana. Nilimtaja kumkumbuka tu."

Soud alikuwa amesikia simu zake zote za jikoni, alijua Roseline ni nani, na wiki mbili tu zilizopita, alipokuja kumwona mamake, alimsikia Roseline akimcheka mtu kwa sauti ya juu hapo hapo kwenye spika. Aliangalia mikono yake. Kisha akatafsiri, neno kwa neno, na yule mwenye kalamu akaupiga mstari ule wino kutoka mwanzo mpaka mwisho.

Ukabaki mstari mmoja, wa juu kabisa. Swali likaja, na Soud hakulitafsiri mara moja. Alilegeza sauti, akazungumza kama anayerekebisha maneno yake.

"Wanataka aliyeimba. Majina yanafanana, Rispah. Watu wote wanasema aliyeimba ule wa kwanza ni marehemu, na sauti ni moja. Mwache awe marehemu. Mimi nitaapa."

Mlango wa chumba cha Bi Samia ulikuwa wazi kidogo, na huko ndani hakukusikika hata kukohoa. Rispah aliwaza habari za Miriam, jinsi alivyofumba macho kabla ya kuitika. Aliwaza ile fremu isiyo na picha. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani, na hata hivyo jibu lilikuwa pale pale siku zote.

"Ni mimi," alisema. "Waambie wale wengine waliitika tu. Niliwaita mimi, na niliambiwa nikate nikakataa. Waambie hivyo hivyo."

Soud akawaambia. Yule mwenye kalamu aliitikia kwa kichwa, akavuta faili, akasoma kwa sauti kilichoandikwa mstari wa juu ili athibitishe: Rispah, Vugutsa, binti Elijah, wa Chavakali. Alilisoma lote, polepole, bila kuruka kitu, kama mtu aliyeusikiliza wimbo wake mpaka mwisho. Halafu akaongeza maneno machache pembeni ya jina, na Soud akasema ameandika, mwimbaji.

Rispah aliomba aonyeshwe. Walitazamana, wakaona haidhuru, wakaigeuza karatasi upande wake, na Soud akamwekea kidole pale. Aliinama akatazama kwa muda mrefu. Yalikuwa maandishi ya Kiarabu, na Rispah hakujua kuyasoma.